Ufa wa Nyumba ni wa Nani?

Mtu amenunua nyumba yake ya kwanza. Amelipa, amehamia, amepanga vitanda vya watoto. Mvua ya kwanza yanyesha, na ukuta wapasuka. Je, ufa ule ni wa nani? Ni wa yule aliyeuza, au ni wa yule aliyenunua? Na kama aliyenunua anataka kuiuza tena nyumba ile, yampasa kuutaja ufa, yeye ambaye hakutajiwa?

Maswali haya si ya kupitisha wakati. Katika mji wa Bukavu yaulizwa kila mwaka, mvua zinaporudi katika mwezi wa tisa. Wengine huyajibu kwa ugomvi, wengine kwa barua ya mwanasheria, na wengine kwa ndoo moja ya rangi. Sisi twataka kuyafikiri taratibu. Maana ndani ya nyumba ndogo yenye ukuta mbovu umo mzigo mkubwa: akiba ya miaka mingi, amani ya mume na mke, usingizi wa watoto, na neno la mtu kwa mwenzake.

Mji wa miteremko

Kwanza tuutazame mji wenyewe, kwa sababu hatuwezi kuamua haki ya nyumba bila kujua nyumba hiyo imesimama juu ya nini.

Ziwa Kivu liko katika kimo cha mita 1,460 hivi, na kutoka ufuko wake vilima vya Bukavu hupanda mara moja. Zamani za Wabelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, Wazungu walikaa katika rasi zinazoingia ziwani, na Waafrika wakapewa Kadutu. Baadaye Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1952, ilijenga nyumba za Bagira kwa mistari iliyopimwa. Mji ule ulipangwa kwa watu wachache. Leo wakaaji wake wakadiriwa kupita milioni moja. Vita vya miaka ya 1990, na vile vilivyofuata, viliwafukuza watu vijijini wakakimbilia mjini, na mji haukuwa na tambarare ya kuwapokea. Basi wakajenga mahali palipobaki: katika miteremko, kando ya makorongo, hata juu ya njia za maji.

Sote twaujua mfano wa mtu aliyejenga juu ya mwamba, na wa mwenzake aliyejenga juu ya mchanga. Lakini katika Bukavu, mahali pengi, mwamba wenyewe umeoza. Ni mawe ya volkano za kale, ambayo kwa mvua na joto la miaka isiyohesabika yamegeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, mwekundu, wenye kina kirefu. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu kama tofali. Mvua zikija, nazo huleta karibu milimita 1,300 kwa mwaka, udongo hunywa maji, huvimba, huwa mzito, na pengine huanza kuteleza kuelekea bondeni.

Kule Funu, katika komini ya Kadutu, mteremko mzima unatembea. Haukimbii, wasogea kidogo kidogo, na makumi ya maelfu ya watu wanakaa juu yake. Wataalamu walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni katika muda wa miaka 70 hivi, pamoja na picha za setelaiti, wakachapisha matokeo yao mwaka 2022. Tutayarudia matokeo hayo mbele, maana yana neno la kutuambia sote.

Tena kuna matetemeko. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, nchi ilitetemeka kando ya ziwa. Watu walikufa katika Bukavu na katika Rusizi ng'ambo ya mto, na kuta nyingi zikapasuka. Ufa wa siku ile waweza kufunikwa kwa simenti katika muda wa saa moja, na mnunuzi wa leo asiujue.

Kiangazi huficha

Tufikiri habari za mwalimu mmoja na mkewe. Hatumtaji mtu, huu ni mfano tunaoutunga, lakini wengi wataona sura zao ndani yake. Kwa miaka 14 wamekuwa wapangaji. Mama anauza vitenge katika soko la Kadutu, na kila juma anaweka fedha katika likelemba ya wenzake. Mwalimu ameuza shamba aliloachiwa na baba yake kule Walungu. Wamefikisha dola 7,000. Katika mwezi wa saba komisioneri anawaonyesha nyumba: kuta za matofali, mabati, vyumba vitatu, rangi mpya. Bei ni dola 8,000.

"Mwalimu, fanya upesi," asema komisioneri. "Wako watu wengine wawili watakaokuja jioni."

Wanalipa dola 7,000. Zile 1,000 zilizobaki watalipa kabla ya Noeli. Hati ya mauzo inaandikwa mbele ya mashahidi na shefu wa mtaa, na mama anapiga vigelegele.

Mwezi wa kumi mvua yanyesha siku tatu mfululizo. Ufa watoka katika pembe ya dirisha, washuka kwa ngazi ngazi kati ya matofali mpaka sakafuni. Mlango wa chumba cha watoto haufungiki tena. Fundi anaitwa. Anagonga ukuta, anabandua rangi, na chini ya rangi yaonekana simenti ngeni iliyojaza ufa wa zamani. Nyuma ya nyumba, maji ya kilima yanaingia moja kwa moja katika msingi. Fundi anahesabu mawe, mchanga, simenti, mfereji, ukuta wa kuzuia udongo, na siku za kazi. Jumla ni dola 1,800.

Hapo neno la kwanza la haki ni kupambanua. Si kila kasoro ni deni la mwuzaji. Anayenunua nyumba ya zamani ananunua na uzee wake. Bati lenye kutu lililo wazi kwa kila mwenye macho, dirisha lisilo na kioo, ua ulioanguka: hayo mnunuzi aliyaona, na bei ilikwisha kuyahesabu. Tena ukuta uliokuwa mzima siku ya mauzo, ukapasuka kwa tetemeko la mwaka uliofuata, ni msiba wa mwenye nyumba mpya, wala hana wa kumdai. Lakini ufa uliokuwapo, ukafunikwa, na mwuzaji akaujua, huo ni habari nyingine.

Mwuzaji aliyenyamaza

Mwalimu anamwendea mwuzaji. Mwuzaji anajibu kwa utulivu: "Mwalimu, mimi sikusema uongo. Ulikuja na mama, mkatazama kwa macho yenu. Hukuniuliza habari za ufa, nami sikukujibu."

Neno hili ni la zamani sana. Mrumi Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa mtu, aliweka swali hili hili: mtu anauza nyumba yenye ubaya ambao yeye peke yake anaujua, je, akinyamaza ametenda vibaya? Akaleta mawazo ya wenye hekima wawili. Diogenes wa Babiloni alifundisha kwamba mwuzaji asidanganye, naye aseme yale ambayo sheria inamwagiza kusema. Zaidi ya hayo hana lazima ya kuitangazia watu aibu ya mali yake. Antipater wa Tarso alikataa. Kwake, kumwacha mnunuzi aingie katika hasara kwa kutojua ni sawa na kumwona mgeni amepotea njia usimwonyeshe, tena ni vibaya zaidi. Cicero mwenyewe alisimama upande wa Antipater. Alisema si kila kunyamaza ni kuficha. Lakini ni kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilishika swali hilo naye akapambanua vizuri. Kasoro ikiwa wazi kabisa, na mwuzaji amepunguza bei kama inavyostahili, hana lazima ya kuitaja, maana mnunuzi angeweza kuitumia kudai punguzo kupita kiasi. Lakini kasoro ikiwa imefichika, nayo yaweza kuleta hatari au hasara, kunyamaza ni udanganyifu, na mwuzaji anadaiwa fidia. Na kama mwuzaji mwenyewe hakujua? Hapo Tomaso asema hakutenda dhambi. Lakini siku ile atakapojua, yampasa kulipa kile alichopokea kupita haki.

Tuliangalie neno hili la mwisho, kwani ndani yake mna ufunguo wa swali letu lote. Kutojua humtoa mtu katika lawama, lakini hakumpi mali ya mwenzake. Kujua humfunga. Tangu saa ile mtu anapoujua ufa, hawezi tena kufanya kama mtu asiyeujua.

Basi tuhesabu kwa mfano wetu. Nyumba ile, ukuta wake ungekuwa mzima, ilistahili dola 8,000. Kwa ukuta ule inastahili 6,200. Mwuzaji amekwisha kupokea 7,000. Haki yataka mwalimu asilipe zile 1,000 zilizobaki, na mwuzaji arudishe 800. Au wakipenda, mauzo yavunjwe: nyumba irudi, na fedha zirudi. Hilo si kumhurumia mwalimu; ni hesabu tu.

Sheria ya nchi nayo yasema karibu vivyo hivyo. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo Kongo iliirithi, humtaka mwuzaji asimamie kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza. Mnunuzi aweza kukirudisha kitu na kurudishiwa bei, au kukaa nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Na mwuzaji aliyejua kasoro anadaiwa pia hasara zilizotokea. Lakini mnunuzi asikawie kudai, na kasoro aliyoweza kuiona mwenyewe haihesabiwi.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Wanadhani karatasi nzuri ni nyumba nzuri. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, na mwananchi hupata haki ya kuitumia; ushahidi kamili wa haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na mtunza hati za ardhi. Wengi katika miteremko hawana cheti hicho. Wana fishi ya parseli na hati ya mauzo tu. Yafaa sana kuchungua karatasi. Lakini cheti chasema parseli ni ya nani. Hakisemi kama ukuta wa nyuma unasimama.

Tena tuseme kweli: njia ya mahakama ni ndefu, yataka fedha, na tangu mwezi wa Februari 2025, mji ulipotwaliwa na M23, imekuwa ngumu kupita zamani. Je, haki imepungua kwa sababu hakimu yuko mbali? La. Deni la dola 800 ni deni lile lile, hata pasipo mtu wa kulidai. Pale hakimu asipofika, kila mtu analazimika zaidi kuwa hakimu wa nafsi yake.

Njia iliyo rahisi

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Tuseme mwuzaji amekataa. Amekwisha kula fedha, au amehamia Uvira, au haonekani. Mwalimu amekaa kitandani, hana fedha za kutengeneza. Fundi, mtu mwema, anamwonea huruma. Asema: "Mwalimu, usijitese. Mimi nitapaka simenti na rangi, hata mke wako hataona. Ngoja mwezi wa sita, udongo ukauke, kisha uuze. Wewe walikufanyia hivyo hivyo."

Tusimcheke fundi, wala tusijifanye kama neno lake halina nguvu. Lina nguvu nyingi. Mwalimu hakukosa. Alifanya kazi, aliweka akiba, aliuza shamba la baba yake. Kwa nini yeye mwema abebe hasara ya mtu mbaya? Tena labda yule mwuzaji naye alidanganywa hivyo hivyo siku aliponunua. Huenda ufa ule umepita katika mikono mitatu, minne, na kila mmoja amempokeza mwenzake pamoja na ufunguo wa mlango. Kwa nini mnyororo ukatikie kwa mwalimu, aliye maskini kuliko wote?

Twajibu hivi. Deni lipo kweli, lakini tutazame ni la nani. Mwuzaji ndiye anayedaiwa na mwalimu. Mnunuzi ajaye hadaiwi kitu. Mtu akinyang'anywa fedha njiani usiku, hapati ruhusa ya kumnyang'anya mpita njia wa pili ili ajilipe. Angefanya hivyo, pasingerudishwa haki yoyote; wangekuwa wezi wawili na maskini mmoja mpya. Kudanganywa kunampa mtu haki ya kumdai aliyemdanganya. Hakumpi haki ya kudanganya.

Tena ufa wa nyumba haufanani na kasoro ya kitenge. Mama akiuza kitenge kinachochuja rangi, mnunuzi amepata hasara ya kitenge. Ukuta huanguka usiku, mvua ikinyesha, watu wamelala. Wale waliotutangulia walilijua jambo hili. Katika Torati ya Musa, mwenye kujenga nyumba aliamriwa kuweka ukingo juu ya dari, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Aliyejua na akanyamaza hawezi kusema kwamba mvua ndiyo iliyoua.

Kuna na jambo la tatu, nalo watu hulisahau. Siku mwalimu atakapoupaka ufa rangi, nyumba haitapona. Maji yataendelea kuingia katika msingi kila mvua. Methali yasema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Lakini kuziba ni kuziba chanzo chake. Rangi hufunga macho ya watu; ufa wenyewe waendelea na kazi yake ndani. Leo ni dola 1,800. Baada ya mikono miwili mingine, nyumba nzima itaanguka, na wa mwisho kununua atakuwa amelipa ada ya uongo wa wote.

Je, mwalimu apotewe na yote? Hatusemi hivyo. Aweza kuiuza nyumba, maana kuuza nyumba mbovu si dhambi. Kuiuza kama nzima ndiyo dhambi. Amwonyeshe mnunuzi ufa, amwambie na hesabu ya fundi, na bei ipungue kwa kadiri ile. Huenda yuko mtu mwenye nguvu ya kujenga atakayeitaka kwa bei hiyo. Au aitengeneze pole pole: mwaka huu mfereji wa maji, mwaka ujao ukuta wa kuzuia udongo, na watoto walale chumba cha mbele hadi kazi iishe. Atabaki na hasara, nayo itamwuma. Lakini hasara hiyo itakoma kwake.

Jirani wa chini

Tumesema juu ya mwuzaji na mnunuzi. Katika mji wa tambarare tungeweza kuishia hapo. Katika Bukavu yuko mtu wa tatu, ambaye hakuuza wala hakununua: ni jirani wa chini.

Mwalimu anapochimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji yasiingie katika msingi, maji yale yaenda wapi? Kama yameelekezwa katika ua wa mjane anayekaa chini yake, mwalimu hajatengeneza kitu. Ameutoa ufa katika ukuta wake na kuupeleka katika ukuta wa mwingine. Ni rangi ile ile kwa namna nyingine. Na jirani wa juu, ambaye bomba lake linavuja, au ambaye maji ya paa lake yanamwagika ovyo, anaweza kuwa ndiye mama wa ufa wa mwalimu bila kujua.

Hapa ndipo tunapoyarudia yale matokeo ya Funu. Wataalamu wale waliona kwamba mteremko ulibadili mwendo wake kadiri nyumba zilivyoongezeka. Mahali palipojengwa sana, udongo uliongeza mbio. Nao walionyesha kwamba maji yana sehemu kubwa katika jambo hilo: maji ya mvua ambayo mapaa na njia huyakusanya mahali pamoja, na maji ya mabomba yanayovuja ardhini. Kilima kile kilikuwa kikisogea tangu kale. Lakini sisi wenyewe, kila nyumba kwa ndoo yake, twakisukuma.

Kwa hiyo swali letu la kwanza linapanuka. Tuliuliza: ufa ni wa mwuzaji au wa mnunuzi? Mara nyingine ni wa mtaa mzima. Mtu mmoja hawezi kuuziba peke yake, hata akiwa na fedha. Mfereji mmoja uliojengwa kwa mawe kutoka juu ya kilima mpaka mtoni, ukipita kando ya nyumba ishirini, waweza kufaa kuliko kuta ishirini za simenti. Kwa kazi ya pamoja, ile tunayoiita salongo, watu wamezoea kufagia njia na kufukua takataka. Kwa nini wasifukue pia njia za maji kabla ya mwezi wa tisa, na kila nyumba ikatoa mawe yake?

Wajibu wa Serikali hauondoki kwa sababu hiyo. Mwenye mamlaka anayegawa parseli katika korongo, na kutia muhuri, ameuza ufa mkubwa kuliko wote. Yale tuliyoyasema juu ya mwuzaji anayejua na kunyamaza yanamhusu yeye kwanza. Lakini tusingoje atubu ndipo tuanze kuzibua mfereji.

Maneno machache ya kufaa

Msomaji mpenzi, labda wewe nawe unaweka akiba ya nyumba ya kwanza. Basi shika haya.

Ukiweza, itazame nyumba wakati wa mvua. Kama ni kiangazi, irudie mara mbili, peke yako, bila komisioneri. Enda nyuma ya nyumba kabla ya kuingia mbele. Tazama kama ardhi ina umajimaji mahali pamoja hali kila mahali pengine ni pakavu. Kama miti na nguzo zimeinama upande mmoja. Kama ukuta mmoja tu una rangi mpya. Fungua na kufunga kila mlango. Mstari mwembamba kama unywele katika simenti ya juu pengine si kitu. Lakini ufa unaopita kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoshuka kwa ngazi kati ya matofali, wataka fundi. Mlipe fundi wako mwenyewe; usikubali fundi wa mwuzaji.

Waulize majirani, hasa wa chini. Wao huyajua maji ya nyumba ile kuliko mwenyewe. Nawe mwuzaji mwulize wazi, mbele ya mashahidi: "Nyumba hii ina ubaya gani unaoujua?" Na jibu lake liandikwe katika hati. Mtu anaweza kunyamaza kwa urahisi; kuandika uongo na kutia sahihi kwamtisha zaidi. Tena mpatane kwamba sehemu ya bei italipwa baada ya mvua za kwanza. Mwuzaji mwaminifu hataogopa mvua.

Ukiisha kununua, weka kando fedha kidogo. Usitoe senti ya mwisho kwa bei, kwa maana nyumba yoyote, hata iliyouzwa kwa haki, itakudai neno katika mwaka wa kwanza. Na ukiona ufa, usiupake rangi. Ubandike kipande kidogo cha simenti juu yake kwa upana, uandike tarehe. Kipande kikibaki kizima baada ya mvua nyingi, ufa umelala. Kikikatika, unatembea, na watoto wahamishwe chumba.

Na wewe unayeuza, nawe huna budi kuwa na neno lako. Labda una shida: mgonjwa hospitalini, ada ya shule, safari ya kukimbia hatari. Twajua kwamba dola 1,800 si kitu kidogo kwako. Lakini yule anayekuja na fedha zake kitambaani amezikusanya kwa miaka, na usiku atakapolala ndani ya nyumba ile hutakuwapo kumwamsha. Basi siku atakapokuja kutazama, usimwingize sebuleni kwanza. Mpeleke nyuma ya nyumba, mwonyeshe ukuta ule, umwambie ulianza lini. Kisha ndipo mketi mseme bei.